Kozi ya tiba asili ya Chuo Kikuu cha New Mexico, nilivyoisoma nikiwa Lamu

Kozi hii inafaa, na inamfaa mtu wa Pwani kuliko anavyodhani kabla hajaifungua. Nalisema mapema kwa sababu najua wengi wakisikia kwamba chuo kikuu cha Marekani kinafundisha uganga wa Mexico wataona ni mambo ya mbali, ya watu na nchi yao. Mimi ni muuguzi katika zahanati moja hapa Lamu, na nimelelewa Langoni na khalati yangu, mkandaji na mkunga wa jadi ambaye wanawake wengi wa mtaa wetu wamepita mikononi mwake. Kwa hiyo kila somo nililipima mara mbili, kwa mizani ya zahanati na kwa mizani ya nyumbani.

Somo lenyewe ni kuranderismo, yaani tiba ya jadi ya watu wa Mexico na ya Wamarekani wenye asili ya huko wanaoishi kusini magharibi mwa Marekani. Linatolewa na Chuo Kikuu cha New Mexico, mjini Albuquerque, kupitia Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, na limegawanywa sehemu nne: tiba ya mimea, tiba ya mwili, tiba ya akili na roho, na sehemu ya mwisho inayoangalia tamaduni nyingine zilizochangia tiba hii au zinazofanana nayo. Mwenye kozi ni Dakta Eliseo Torres, mtu aliyekulia kusini mwa Texas akaja kuwa makamu wa rais wa chuo hicho aliyesimamia mambo ya wanafunzi. Kabla ya mambo ya mtandaoni alikuwa ameshaanzisha darasa la wiki mbili pale pale chuoni, kila kiangazi, na ameliendesha kwa zaidi ya miaka 20. Waganga wanatoka Mexico na New Mexico kuja kufundisha.

Kufundisha, nasema. Hapo ndipo uzuri wa kozi hii ulipo, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Nimezoea kuona tiba ya jadi ikiingia chuoni kwa mlango wa uani. Msomi anakwenda kijijini na daftari, anamhoji mzee, anarudi na majani kwenye mfuko, na mwisho mzee anabaki mstari mmoja katika shukrani, kama amebaki. Katika chuo nilichosomea uuguzi, ambacho sitakitaja, tiba ya jadi ilikuwa aya chache ndani ya somo la afya ya jamii, chini ya kichwa cha mila zenye madhara. Tulifundishwa kumwambia mama aache yote. Hatukufundishwa kumuuliza anatumia nini. Nilikaa kwenye darasa lile nikimfikiria khalati na mafuta yake ya nazi na mikono yake inayojua mtoto amelalaje tumboni kabla ya mashine kusema, na nikanyamaza, maana mtihani ulikuwa unataka jibu moja tu.

Kwenye kozi hii mganga ndiye mwalimu. Anasimama mbele kwa jina lake, anaeleza alifundishwa na nani, anaonyesha kwa mikono yake juu ya mtu halisi aliyelala mbele ya darasa. Wengine wanaongea Kihispania na mtu anatafsiri. Hakuna anayesimama pembeni kumsahihisha kila sentensi, wala hakuna anayemchukulia kama kitu cha kutazamwa. Kwa mtu aliyelelewa na mkunga, kuona hivyo tu kuna thamani kubwa.

Siku niliyofungua somo la ventosa, tulikuwa barazani baada ya alasiri na simu nimeiegemeza kwenye birika. Ventosa ni chuku ya moto. Mganga anachukua pamba yenye spiriti, anaiwasha, anaizungusha ndani ya bilauri ya kioo, anaitoa, na papo hapo anaibandika bilauri mgongoni. Hewa ya ndani ikipoa inasinyaa, ngozi inavutwa juu, inakuwa nyekundu. Khalati alikuwa anachambua mchele, akaweka ungo chini. "Njoo, irudishe nyuma," akaniambia. Nikairudisha. Akatazama mkono wa yule mama, si moto. "Mwangalie, hapiti juu ya uti. Anakwenda pembeni, kwenye nyama. Huyu kafundishwa." Kisha akanieleza jinsi bibi yake alivyokuwa akiumika kwa pembe ya ng'ombe, anavuta hewa kwa mdomo kwenye tundu la ncha, anaziba kwa nta. Habari za pembe ile sikuwahi kuzisikia kwake. Hapa Lamu siku hizi tunasema hijama na vikombe ni vya plastiki vyenye pampu, na watu wanachanjwa wembe ili damu itoke. Nilimuuliza wembe wa zamani ulikuwa unasafishwaje. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi, na ulikuwa mjadala wa maana, kwa sababu kwa mara ya kwanza tulikuwa tunaongea juu ya kazi moja, mimi na homa ya ini na UKIMWI vyangu, yeye na uti na nyama zake.

Sehemu ya mwili ndiyo iliyonishika zaidi. Kuna manteada, mtu anapolazwa juu ya mtandio mrefu kisha unatikiswa na kukazwa ili nyonga na mgongo vikae sawa. Nani asiyejua kazi ya leso kwenye tumbo la mzazi? Kuna temaskali, kijumba cha mvuke chenye mawe yaliyopashwa moto, ambacho Waazteki, wenyeji wa Mexico kabla ya Wahispania, walikitumia hata kwa waliojifungua. Sisi tuna mafusho chini ya blanketi. Kuna empacho, tumbo lililoziba, hasa la mtoto, linalokandwa na kuvutwa ngozi ya mgongoni. Na kuna siku arobaini za mzazi. Mama wa Kimexico akijifungua anakaa siku arobaini bila vyakula vya baridi, anafunikwa, anakandwa. Hapa tunamnywesha uji wa pilipili manga mpaka arubaini yake iishe.

Niliposikia hilo la moto na baridi nilisimamisha video. Vyakula vya moto na vya baridi, maradhi ya moto na ya baridi, na dawa yake ni kurudisha kwenye wastani: hayo ni maneno ya khalati, na ni maneno ya kila duka la dawa za asili kwenye njia kuu ya mji wetu. Yamefikaje Albuquerque? Njia yake inafuatika. Elimu ya mizaji minne ya mwili (damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi) ilitoka kwa Wayunani, ikachukuliwa na kukuzwa na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu, Ibn Sina akiwa mkubwa wao, ikasomwa Andalusia, na Wahispania wakaivusha bahari mpaka Mexico karne ya 16. Kule ilikutana na elimu ya wenyeji, ambao kwa mujibu wa baadhi ya wanahistoria walikuwa tayari na moto na baridi yao wenyewe. Wataalamu bado wanabishana kipi kilitoka wapi. Upande wetu elimu hiyo hiyo ya matabibu ilikuja na watu wa Hadhramaut na Omani, na majahazi ya kaskazi. Kwa hiyo mzazi wa Langoni na mzazi wa New Mexico wanakatazwa maji baridi kwa hoja iliyopita Baghdad. Kwangu mimi hili peke yake lilitosha kulipia bando.

Jambo jingine ambalo kila anayesoma kozi hii alitafute pembeni ni habari ya mwaka 1552. Katika chuo cha Santa Cruz de Tlatelolco, kilichojengwa na Wahispania kwa ajili ya vijana wa kienyeji, tabibu mwenyeji aliyeitwa Martín de la Cruz alitoa elimu yake ya mimea kwa lugha ya Nahuatl, na mwenyeji mwenzake, Juan Badiano, akaitia katika Kilatini. Kitabu kina picha za rangi za mimea na mizizi yake. Kilikaa Ulaya karne nyingi, Vatikani wakawa nacho, na mwaka 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili akakirudisha Mexico. Wanaosema tiba ya kienyeji ndani ya chuo ni mtindo wa juzi, na wakumbuke kwamba mwenyeji aliwahi kuifundisha chuoni miaka thelathini na mmoja tu baada ya dola la Waazteki kuanguka. Tatizo halijawahi kuwa kwamba elimu ya wenyeji haiwezi kukaa darasani. Kitabu kilichukuliwa, na mwenyewe akaachwa nje.

Sehemu ya akili na roho itawagawa watu. Kuna limpia, ya kumsafisha mtu aliyeelemewa. Katika mila hiyo yai linapitishwa juu ya mwili, kisha linavunjwa kwenye bilauri ya maji na kusomwa. Mahali pengine ni fungu la rihani na majani mengine, na moshi wa kopali. (Miti mingi inayotoa kopali yao na mti wa ubani wetu ni ya ukoo mmoja wa miti.) Kuna susto, maradhi ya mtu aliyepata mshtuko mkubwa, hali wala halali. Mimi ni Mwislamu na kuna mambo humo siyafanyi na sitayafanya, lakini nayaelewa, maana kwetu mtu aliyeshtuka husomewa, huandikiwa kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe likasuuzwa kwa marashi akanywa. Kilichonifaa kitaaluma ni platika, mazungumzo ambayo kuranderismo huanza nayo kabla ya dawa yoyote. Mganga anakaa na mgonjwa, anamwacha aongee mpaka mwisho.

Nililipeleka hilo zahanati. Alikuja mama mmoja wa makamo, mgonjwa wa presha wa siku nyingi, miguu haina nguvu, moyo unamdunda. Faili lake lilisema anameza dawa vizuri, ikiwemo ile ya kupunguza maji mwilini. Nikafunga faili nikamwambia, "Mama, nieleze wiki yako tangu Ijumaa." Akaeleza harusi ya mpwa wake, biriani, tumbo kujaa, kisha kwa sauti ya chini kwamba amekuwa akinywa sanamaki asubuhi na jioni ili "asafike". Alikuwa anasubiri nimgombeze. Sanamaki inaendesha tumbo na kuondoa potasiamu, na ile dawa ya presha inaondoa potasiamu hiyo hiyo kupitia mkojo. Vikikutana, misuli na moyo vinadhurika. Alipelekwa hospitali akapimwa, akatibiwa. Alisema amewahi kuulizwa mara nyingi kama anatumia "dawa za kienyeji" na kila mara alijibu hapana, kwa sababu swali lilikuja na uso uliokunjwa.

Sasa yale ambayo kozi ya mtandaoni haiwezi kukupa, na mtu asijidanganye. Mkono haufundishiki kwa simu. Utaona mganga akikanda tumbo, lakini hutajua alikandamiza kwa uzito gani, wala vidole vyake vilihisi nini vilipofika pale alipotua. Harufu ya majani hutaipata. Na cheti unachopata mwisho ni cha kumaliza masomo, si leseni ya kutibu mtu, Marekani wala Kenya. Yeyote atakayekitundika ukutani dukani na kuanza kujiita tabibu anawadhulumu wateja wake.

Pia nashauri kila msomaji, akifika kwenye empacho, asome habari za greta na azarkoni. Ni unga, mmoja wa manjano na mwingine wa rangi ya chungwa, ambao baadhi ya familia za Kimexico ziliwapa watoto wenye empacho. Ni madini ya risasi karibu matupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakuu wa afya wa Marekani waligundua watoto waliopata sumu ya risasi kwa ajili hiyo. Na sisi tusiangalie upande mwingine: wanja wa jiwe ambao tunampaka mtoto mchanga machoni na kwenye nyusi mara nyingi ni galena, nayo ni risasi. Nimewaambia kina mama hivyo na nitaendelea kuwaambia. Kuiheshimu tiba ya jadi ni pamoja na kusema lipi linaua. Khalati mwenyewe aliacha kupaka wanja watoto, baada ya mimi kumkalisha na kumweleza kama mtaalamu mwenzangu, si kama mtu wa kukatazwa.

Upande wa mimea ninaupenda kwa sababu unaonyesha kwamba jadi na maabara vinaweza kusaidiana. Chukua majani ya mpera. Mti asili yake ni Amerika, umekuja kwetu ukawa wetu, na huku na huko bibi anachemsha majani mtoto akiharisha. Watafiti wa Mexico walitengeneza vidonge vya majani hayo kwa kipimo maalumu, na matokeo waliyochapisha mwaka 2002 yalionyesha kwamba vilipunguza muda wa maumivu ya tumbo kwa wagonjwa wa kuharisha. Hapo bibi amepata ushahidi, na daktari amepata kipimo. Maji ya chumvi na sukari bado ndiyo ya kwanza kwa mtoto, hilo nalisema kama muuguzi.

Baada ya kumaliza kozi nilibaki na swali moja ambalo sitaki kulificha: kwa nini nimfuate Albuquerque mwalimu ambaye nimeishi naye nyumba moja? Dar es Salaam, Muhimbili, wamekuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu 1974, na leo ni taasisi kamili. Hapa Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 ina sehemu nzima kuhusu tiba asili na tiba mbadala, na sheria ya 2016 inalinda maarifa ya jadi ya jamii. Wakati huohuo sheria ya uchawi ya mwaka 1925, ya enzi za mkoloni, bado iko vitabuni, na Kilifi wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi. Mganga anayefundisha mchana darasani, mbele ya wanafunzi wa uuguzi na udaktari, kwa jina lake, ni vigumu zaidi kumsingizia. Hati za mkono za msikiti wa Riyadha, hapa Lamu, zimeshapigwa picha kwa mradi wa British Library na mtu anaweza kuzisoma akiwa popote. Mikono ya wakandaji wetu haijawekwa popote, na wenyewe wanazeeka. Chuo chochote cha Pwani kitakachoamua kuwaita, naomba kiige mambo matatu ya New Mexico: mwenye elimu afundishe mwenyewe, alipwe kama mwalimu, na wanafunzi wa afya wakae naye chumba kimoja. Na kiongeze la nne, somo zima la madhara na la wakati gani mgonjwa apelekwe hospitali usiku huo huo.

Kwa mwenye nia ya kuisoma: anza na sehemu ya mwili, ndiyo itakayokuvuta, kisha rudi kwenye mimea. Kiingereza chake si kigumu na maandishi yanapita chini ya video. Kama intaneti ya kwenu inakatika kama ya hapa mtaani, pakua video kwenye programu ya simu usiku, uzitazame mchana. Ada ikikushinda, kuna fomu ya kuomba msaada. Eleza kazi yako kwa ukweli na ujipe muda wa kusubiri jibu. Muuguzi, mkunga, mhudumu wa afya wa kijiji, muuza dawa za asili, isome. Mwenye mgonjwa mahututi nyumbani anayetafuta dawa ya haraka, kozi hii si yako, nenda hospitali.

Na kuhusu mimea, kila jina la Kihispania litafutie jina lake la kisayansi kabla hujakwenda kuchuma chochote uani. Mengine tunayo, kama shubiri, rihani na mpera. Mengine yanafanana kwa sura tu, na kati ya hayo yamo yenye sumu.